Datsun 240Z au Peugeot 504? Mwongozo kamili wa kulinganisha magari mawili ya zamani

Swali linarudi kila mara: kati ya Datsun 240Z na Peugeot 504, ipi ina nguvu? Na jibu linarudi vilevile. Mmoja anaandika farasi 151 za Datsun, mwenzake anaandika 104 za Peugeot, wa tatu anatangaza mshindi. Lakini 151 na 104 hazikupimwa kwa namna moja. Kuzilinganisha hivyo ni kama kutoa shilingi za Kenya kwenye shilingi za Tanzania bila kupita kwanza kwa mbadilisha fedha.

Nimechukua jozi hii kwa sababu wasomaji wengi wa huku wanaifahamu. Yote mawili yalishinda Safari Rally, Datsun mwaka 1971 na 1973, Peugeot mwaka 1975 na 1978, na 504 bado unaikuta ikibeba mizigo. Ukiwa na jozi nyingine, Escort na Alfa Romeo kwa mfano, badilisha namba tu. Hatua hazibadiliki.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Namba ya chesisi na namba ya injini ya kila gari, zilizosomwa kwenye chuma chenyewe. Kadi ya gari haitoshi.
- Kitabu cha fundi cha mwaka wa gari na cha soko lilikouzwa.
- Mizani ya magari. Maghala ya nafaka na wanunuzi wa vyuma chakavu huwa nayo.
- Jeki, stendi mbili, mawe au vigingi vya kuzuia matairi, spana ya plagi, chaki na futi kamba.
- Simu yenye programu inayopima mwendo kwa GPS, na mtu wa pili wa kuandika.
- Daftari na kikokotoo.

Kama magari huna mkononi, fanya hatua tatu za kwanza, kisha andika wazi kwamba ulinganisho wako ni wa karatasi. Si aibu. Aibu ni kuuza hesabu za karatasi kana kwamba umeendesha.

## Hatua ya 1: Jua ni gari lipi hasa

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, tena kabla ya kugusa namba yoyote ya nguvu.

Jina 240Z linabeba zaidi ya gari moja. Yale ya Marekani yana usukani kushoto, chesisi zake zinaanza na HLS30, na kwa kawaida yalikuwa na gia nne. Yale yaliyouzwa nje ya Japani yakiwa na usukani kulia yanaanza na HS30, na mengi yalikuja na gia tano pamoja na difu (gia za ekseli ya nyuma) ya uwiano tofauti. Injini yake halali ni L24: silinda sita kwa mstari, cc 2,393, kipenyo cha silinda milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7, kabureta mbili.

Shida ni kwamba L26 ya 260Z na L28 ya 280Z ni ndugu wa damu wa L24. Zinaingia kwenye bodi hiyohiyo bila fundi kutoa jasho jingi, na gari la nusu karne huwa limepitia mikono mingi. Pangusa grisi, soma namba ya injini. Ukikuta L28, unalo gari zuri, ila usijaze jedwali lako kwa takwimu za 240Z.

Kwa 504, angalia mambo matatu. Kwanza ukubwa: gari lilianza mwaka 1968 na injini ya cc 1,796, na mwaka 1970 ikaja ya cc 1,971. Pili mafuta yanaingiaje: XN1 ni ya kabureta, XN2 ya toleo la Ti ina injeksheni ya mitambo ya Kugelfischer. Tatu bodi: saluni za GL na Ti zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, wakati pikapu na wagoni zina ekseli ngumu. Anayekuambia "nilikuwa na 504" huenda anazungumzia pikapu, na tabia yake barabarani ni nyingine kabisa.

Tahadhari. Ushindi wa 504 mwaka 1978 ulikuwa wa kupe (toleo la milango miwili) yenye injini ya V6 ya cc 2,664. Usiutumie kuisifia saluni ya silinda nne. Ule wa 1975, akiendesha Ove Andersson, ndio wa saluni ya injeksheni.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika mstari mmoja kwa kila gari: mwaka, toleo, aina ya injini, idadi ya gia, aina ya bodi. Kwa mwongozo huu nitatumia 240Z ya L24 na 504 Ti ya XN2, saluni.

## Hatua ya 2: Lete nguvu zote kwenye kipimo kimoja

Ile 151 ya Datsun ni nguvu farasi za SAE za zamani, zilizopimwa kwa mtindo wa Kimarekani wa kabla ya 1972. Injini inafungwa kwenye benchi ya majaribio bila mizigo yake: hakuna feni ya kuzungusha, hakuna kichujio cha hewa, ekzosi ni ya maabara. Inapumua kwa raha ambayo haitaipata tena maishani. Ile 104 ya Peugeot ni ya DIN, mtindo wa Kijerumani, ambapo injini inapimwa ikiwa imevaa vifaa vyake kama ilivyo ndani ya gari.

Tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani? Mwaka 1971 General Motors ilichapisha namba zote mbili kwa pamoja. Corvette ya kawaida iliandikwa farasi 270 kwa kipimo cha zamani na 210 kwa kipimo kipya. Injini ileile, mwaka uleule.

Sasa usifanye kosa la pili la kutafuta namba moja ya kuzidisha. Kwenye Corvette hiyo, 210 ni asilimia 78 ya 270. Kwa 240Z, namba ya DIN inayotumika sana Ulaya ni takriban 130, ambayo ni asilimia 86 ya 151. Kila injini hupoteza kiasi chake, kutegemea feni, ekzosi na jinsi inavyopumua. Tafuta namba ya DIN ya injini hiyohiyo kwenye kitabu cha soko la Ulaya. Ukiikosa, weka alama ya swali kwenye jedwali badala ya kubuni.

Kisha badilisha zote ziwe kilowati, maana hata "farasi" ni wa aina mbili: kilowati 1 ni farasi 1.36 wa Ulaya, au 1.34 wa Kiingereza.

- 240Z: takriban 130 DIN, yaani kilowati 96.
- 504 Ti: 104 DIN, yaani kilowati 76.5.

Gawanya kwa ukubwa wa injini uone jambo la kuvutia. Ukitumia 151, Datsun inatoa farasi 63 kwa kila lita na Peugeot 53, na utaandika kwamba Wajapani walikuwa mbali sana mbele. Ukitumia 130, Datsun inashuka hadi 54. Pengo limeyeyuka. Datsun ina nguvu zaidi kwa sababu injini yake ni kubwa zaidi, basi. Hiyo hoja ya "teknolojia ya juu" ilijengwa juu ya benchi ya majaribio.

Umefaulu ikiwa kila namba ya nguvu kwenye daftari lako ina herufi tatu mbele yake, SAE au DIN, na hakuna safu yenye mchanganyiko.

## Hatua ya 3: Toki, na inapopatikana

Nguvu farasi zinakuambia injini inafika wapi ikikimbizwa. Toki, ile nguvu ya kusokota shafti, inakuambia itakuvutaje ukiwa na abiria watano na gunia la viazi kwenye buti.

Andika toki kwa niuta-mita. Vitabu vya Kimarekani vinatumia pauni-futi. Zidisha kwa 1.356. Vya zamani vya Ulaya vinatumia kilogramu-mita. Zidisha kwa 9.81. Na kila mara andika mizunguko ya injini kwa dakika pembeni, kwa sababu toki bila mizunguko ni nusu ya habari.

Datsun: pauni-futi 146, yaani 198 Nm, kwenye mizunguko 4,400. Hii nayo ni ya kipimo cha zamani chenye chumvi. Peugeot: takriban 169 Nm za DIN kwenye mizunguko 3,000.

Gawanya tena kwa lita. Datsun inapata 83 kwa lita, Peugeot 86. Hata tukimwachia Datsun chumvi yake, Peugeot inamzidi, na inafanya hivyo mizunguko 1,400 chini zaidi.

Ukitaka kujua maana yake barabarani, tumia kanuni hii: kilowati ni niuta-mita mara mizunguko, gawanya kwa 9,549. Kwa Peugeot, 169 mara 3,000 gawanya kwa 9,549 ni kilowati 53. Ina maana kwamba kwenye mizunguko 3,000, injini ikiwa haijaanza hata kupiga kelele, dereva ana karibu asilimia 70 ya nguvu zote alizonunua. Madereva wa wagoni za masafa walilijua hili bila kikokotoo.

## Hatua ya 4: Pima uzito, usiusome

Uzito wa kiwandani ni wa gari jipya, mara nyingine bila mafuta, bila tairi la akiba. Gari lako limepakwa rangi mara nne, limechomelewa mabati sakafuni na limefungwa bampa la chuma. Lipeleke kwenye mizani.

Jaza tangi, toa mizigo, shuka kwenye gari. Pima gari zima, kisha pima magurudumu ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Hizo mbili zikijumlishwa zinapaswa kukaribia ile ya kwanza. Zikipishana sana, jukwaa halikuwa sawa na ardhi; rudia.

Tahadhari. Mizani ya malori mingi inasoma kwa hatua za kilo 10 au 20. Kwa lori si kitu. Kwa Datsun ya kilo 1,050 hivi, kilo 20 ni karibu asilimia 2, kwa hiyo usije ukapigania tofauti ya kilo 15.

Sasa gawanya nguvu kwa tani. Kwa uzito wa takriban kilo 1,050 na 1,200, Datsun inapata farasi 124 kwa tani na Peugeot 87. Hapa ndipo pengo la kweli lilipo. Farasi 26 peke yao hawakuleta hilo. Kilo 150 zilisaidia.

## Hatua ya 5: Hesabu gia na difu kwa mikono

Hatua hii watu wanairuka kwa sababu inachafua. Ndiyo inayonifurahisha kuliko zote.

Kwa 240Z njia ni rahisi: shafti ya propela iko wazi chini ya gari, unaipiga chaki na kuhesabu. Kwa 504 saluni utatambaa chini na usiione, maana imefungwa ndani ya bomba refu kutoka giaboksi hadi difu. Kwa hiyo tumia njia inayofaa magari yote mawili, yaani kuhesabu kwenye puli ya injini.

1. Zima gari, chomoa waya wa betri, toa plagi zote. Bila plagi hakuna mgandamizo, injini inazunguka kwa mkono.
2. Zuia matairi ya mbele kwa vigingi pande zote mbili. Hapa ndipo hatari ilipo: breki ya mkono ya magari haya inashika magurudumu ya nyuma, nawe utalazimika kuiachia. Vigingi ndivyo pekee vinavyolishikilia gari.
3. Inua gurudumu moja la nyuma, weka stendi. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki.
4. Ingiza gia ya nne. Kwenye giaboksi za magari haya nne ni moja kwa moja, mzunguko mmoja unaingia, mmoja unatoka. Kwenye 240Z ya gia tano tumia pia ya nne, usitumie ya tano.
5. Piga chaki kwenye tairi na kwenye puli. Zungusha tairi kwa kuelekea mbele mizunguko miwili kamili, mwenzako akihesabu ya puli.

Kwa nini miwili? Gurudumu jingine limekaa chini, halizunguki. Difu ya kawaida inagawa, kwa hiyo gurudumu lililo hewani linakwenda mara mbili ya mwendo wa difu. Anayezungusha mara moja anapata nusu ya jibu, halafu anakuja kuuliza mbona difu yake ni 1.9. Ikiwa gurudumu la hewani linagoma kuzunguka kabisa, huenda gari lilifungwa difu ya mashindano. Acha njia hii.

Mizunguko ya puli uliyohesabu ndiyo uwiano wa difu. Umefaulu ikiwa jibu liko kati ya 3.3 na 4.2.

Halafu pima mzingo wa tairi: chaki chini, sukuma gari mzunguko mmoja, pima kwa futi kamba. Tairi la 175 la rimu 14, ambalo lilivaliwa na magari yote mawili, linakupa takriban mita 1.95.

Sasa angalia Datsun. Ya Marekani ina difu ya 3.36 na gia nne ya mwisho ikiwa 1.00. Ya gia tano yenye difu ya 3.90 ina gia ya mwisho ya 0.852. Zidisha: 3.90 mara 0.852 ni 3.32. Yaani gia ya juu kabisa ya magari hayo mawili ni karibu ileile! Kwa kila mizunguko 1,000 moja inakwenda kilomita 34.8 kwa saa, nyingine 35.2. Gia ya tano haikuongeza mwendo wa mwisho.

Faida iko katikati. Ukizidisha gia na difu vilevile, ya gia nne inaruka kutoka 4.78 kwenye gia ya tatu hadi 3.36 kwenye ya nne. Ya gia tano inapita 5.11, 3.90, kisha 3.32. Ukiwa nyuma ya lori kwenye mlima, kwa mwendo wa 100, ile 3.90 ndiyo unayoitafuta, na mwenye gia nne hana.

## Hatua ya 6: Peleka barabarani, lakini kwa masharti

Kwanza usalama. Soma tarehe ya tairi, ile namba ya tarakimu nne ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi la miaka zaidi ya kumi halifai kwa jaribio hata kama kashata zake bado nzuri. Herufi S inamaanisha kikomo cha kilomita 180 kwa saa, H ni 210, na 240Z nzima inaweza kuvuka 180. Kagua mipira ya breki. Tafuta uwanja wa mashindano au njia ya ndege ya kukodi. Barabara ya watu haifai.

Magari yote mawili yapimwe siku moja, mahali pamoja. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Nairobi iko karibu mita 1,700, kwa hiyo 504 iliyopimwa huko imeacha zaidi ya farasi 15 njiani. Huwezi kuiweka pembeni ya 240Z iliyopimwa Uingereza, wala ya Mombasa.

Pima mambo mawili tu. La kwanza, sufuri hadi 100, mara tatu kila upande, kisha wastani. Kwenda na kurudi kunafuta upepo na mteremko. Usiamini spidomita, tumia GPS. La pili, 60 hadi 100 ukiwa gia ya tatu bila kubadilisha. Hili la pili lina maana zaidi kwa gari la zamani, kwa sababu haliui klachi na ndilo unalolifanya kila siku unapopita gari jingine.

Kuhusu takwimu za majarida. Zitumie kama kiashirio. Majarida ya Kiingereza hupima sufuri hadi maili 60, ambayo ni kilomita 96.6, si 100. Na gari la majaribio mara nyingi huandaliwa: Jaguar E-Type aliyopewa Autocar mwaka 1961 ilifika maili 150.4 kwa saa, kasi ambayo wateja waliolipa pesa zao hawakuipata kirahisi.

## Hatua ya 7: Chini ya gari

Haraka tu, ila usiiruke. Pima nafasi kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa, gari likiwa na mafuta. Kisha inua bodi kwa jeki hadi gurudumu lining'inie na upime limeshuka kiasi gani. Springi za 504 ni ndefu na laini, na kwenye makorongo kipimo hiki kinaamua kuliko farasi. Breki: Ti ina diski magurudumu yote manne, 240Z ina diski mbele na dramu nyuma.

## Hatua ya 8: Andika hukumu kwa kazi

Usiandike "gari bora". Andika kazi, kisha mshindi wa kazi hiyo na namba iliyompa ushindi. Mfano wa daftari langu kwa jozi hii:

- Lami tupu, mtu mmoja au wawili: 240Z. Farasi 124 kwa tani dhidi ya 87.
- Mlima ukiwa umejaza abiria: 504 Ti. Toki kwenye mizunguko 3,000, na viti vya kuwapakia hao abiria, jambo ambalo Datsun ya viti viwili haiwezi kubishana nalo.
- Barabara mbovu mwendo wa kawaida: 504. Kipimo cha hatua ya 7.
- Barabara mbovu kwa mwendo wa mashindano: yote mawili yameshinda, lakini yakiwa yameimarishwa na timu za kiwanda. Acha safu hii wazi mpaka upate gari la mashindano lenyewe la kupima.

Kila mstari uwe na tarehe, mahali, na jina la toleo kutoka hatua ya 1. Mtu akikupinga, mpe daftari na umwombe la kwake.